Shemeji Hacheui

Jumatatu, 8 Februari 1965. Tororo

Mifuko ya nailoni imeingia tumboni mwa Dirisha asubuhi. Mabua makavu ya mtama kwenye mifuko hii, nyasi za bondeni kwenye ile. Nimeipima, nimeifunga uzi, nimeisukuma ndani kwa mkono mpaka begani. Dirisha hakugeuza hata kichwa. Maksai huyu amezoea. Ana tundu ubavuni lenye kizibo cha mpira, na kazi yake hapa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo ni kula na kusimama. Wako wenzangu ofisini wasiomfikia kwa bidii.

Daktari, mkuu wetu, anataka kujua jinsi bakteria wa tumbo la ng'ombe wanavyozimudu nyasi ngumu za kiangazi. Ng'ombe mwenyewe haziwezi. Yeye anatoa joto na nafasi tu. Wapangaji wake ndio wanaotoa vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vinavyofumua nyuzinyuzi za nyasi mpaka ziwe chakula. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi mno mwaka huu. Wote huishia kwenye swali moja: hunuki? Nanuka. Sabuni haisaidii kitu.

Jioni mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya mpaka, kwetu Kenya, akaniletea salamu za mdogo wangu Ignas. Shemeji anakohoa kidogo. Nisiwe na wasiwasi. Ignas akisema nisiwe na wasiwasi, ndipo ninapoanza kuwa nao.

Jumanne, 9 Februari

Nikisoma daftari hili uzeeni nitadhani nilikuwa na shemeji mgonjwa. Basi niandike. Shemeji ni ng'ombe. Jina hilo la kipuuzi alipewa na Ignas, siku mahari yangu ilipofika kwetu kutoka Petta. Dada ameondoka na mume, akasema, sisi tumeachiwa huyu. Watu wakacheka. Hata mimi.

Ng'ombe wengine wa mahari wamekwisha kurudi kwa Ochwo. Amebaki Shemeji. Wazee wa pande zote mbili wamepanga akabidhiwe Jumamosi ya tarehe 27, kabla ya Kwaresima. Siku hiyo nitakuwa huru. Si kabla. Hata ikibaki kwato moja kwetu, mimi bado ni mke wa Ochwo. Na ng'ombe anayerudi lazima acheue mbele ya wazee. Asiyecheua ni mzoga uliosimama, hapokelewi. Na sisi hatuna mwingine wa kumweka mahali pake.

Ochwo hakunipiga. Watu wangependa kusikia kwamba nilipigwa, ingekuwa rahisi kwao. Alitaka niache kazi, nikakataa. Akaoa mwingine. Kisha akataka nirudi Petta nikamsaidie yule kulea. Ni hayo tu. Nikiyakumbuka nakasirika upya.

Jumamosi, 13 Februari. Buhehe

Nimefika nyumbani adhuhuri. Mama ananilalamikia kwamba maziwa yamekatika. Nikaenda moja kwa moja zizini.

Shemeji amesimama, kichwa chini, pua kavu. Nyasi ziko mbele yake, hazigusi. Nikamwekea ngumi ubavu wa kushoto nikangoja. Tumbo la ng'ombe mzima hunguruma na kuisukuma ngumi, likatulia, likasukuma tena. La huyu limenyamaza. Nikatazama kinyesi. Vijiti vya nyasi vizima vizima, vilivyotoka ndivyo vilivyoingia. Mama anasema hajacheua tangu Jumatano.

Nikauliza amepewa nini. Mama akatazama jiko. Ignas akatazama paa.

Vidonge. Vya rangi mbili, vya watu, vya kuua bakteria. Ignas alivinunua sokoni Busia kwa mtu anayeuza nyembe, sindano na tiba ya kila ugonjwa. Akavifungua, akamimina unga wake ndani ya chupa ya pombe ya busaa, akamnywesha ng'ombe. Kikohozi kimepona, anasema. Kweli kimepona. Na kila kilichokuwa hai tumboni mwake kimekufa. Anaweza kula nyasi za dunia nzima na akafa njaa.

Nilimweleza. Kwa kweli nilipiga kelele, majirani walitoka. Nikamweleza bakteria, vimeng'enya, wapangaji, nyumba, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Lakini dada, dawa si ya kuua wadudu? Mimi nimeua wadudu."

Nikatoka nje nikalipiga teke debe.

Jumapili, 14 Februari

Kanisani nimesali vibaya. Nimeomba ng'ombe apone na Ignas aharishe.

Jumatatu, 15 Februari. Tororo

Nimemwomba Daktari supu. Ndivyo tunavyoyaita hapa maji ya tumbo la Dirisha. Ni ya kahawia, yana povu, yananuka jasho na pombe iliyochacha. Yamejaa bakteria. Mnyweshe ng'ombe aliyekufa tumbo, wapangaji wapya watahamia, watazaana, watatoa vimeng'enya, nyasi zitaanza kulainika. Si uganga. Wachungaji wa kwetu tangu zamani humpokonya ng'ombe mzima cheuo kinywani wakamlisha mgonjwa. Jambo ni lilelile. Ila tumbo la Shemeji ni tupu kabisa, tonge moja la cheuo halitamfikisha popote.

Daktari akanieleza hayo yote upya. Kwa chaki, ubaoni. Mimi ndiye ninayetia mkono kila siku! Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Mwisho akasema hakuna tabu, nichote nitakavyo, ila si kabla ya Alhamisi, mifuko ya wiki hii itakapotoka. Nikichota sasa naharibu vipimo.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 17 Februari

Nimepima majani. Nimeosha mifuko. Nimemjibu vibaya karani. Nimemwomba radhi. Nimemjibu vibaya tena.

Alhamisi, 18 Februari. Busia

Mifuko imetoka mapema. Nimechota supu, nimeichuja kwa kitambaa, nimejaza themosi mbili mpaka mdomoni ili hewa isipate nafasi. Bakteria hawa hewa huwaua. Baridi huwadhoofisha. Kuwabeba ni kama kubeba mtoto njiti.

Basi likachelewa. Likaja. Likasimama kwa kila mwenye kuku.

Kizuizini upande wa Kenya kuna bwana wa mifugo mgeni, kijana mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini. Kuna karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo umeonekana upande wa Uganda, basi hakuna kitu cha ng'ombe kinachoingia Kenya. Ngozi, nyama, maziwa, hapana. Nikamweleza kwamba Dirisha anakaguliwa kila wiki, kwamba ni mzima kuliko sisi wawili.

"Mama, hata angekuwa ng'ombe wa Papa," akasema.

Kisha akafungua themosi, zote mbili. Akanusa. Akaita wenzake waje kunusa. Wakabishana ni nini. Themosi zikakaa wazi mezani mpaka zikapoa. Halafu akanirudishia, kwa adabu zote, nikaambiwa niyarudishe nilikoyatoa. Nirudishe nini? Maiti? Nikayamwaga mtaroni mbele yake. Mbwa akaja, akanusa, akaenda zake.

Na huyu naye ana haki. Ugonjwa ukivuka utamaliza ng'ombe wa watu. Mwaka huu kila mtu ana haki isipokuwa mimi.

Nikavuka mikono mitupu. Ignas alikuwa ananingoja na baiskeli. Nikamwambia yaliyotokea. Akafikiri, akijikuna kisogo, kisha akasema, "Kama supu haiji kwa ng'ombe, si ng'ombe aifuate supu?"

Ng'ombe wa Kenya kwenda Uganda hazuiwi na mtu. Na siku ya wazee alikuwa avuke tu kwenda Petta. Shangazi Perusi, dada ya marehemu baba, ameolewa hapohapo Busia upande wa Uganda, ana ua mpana. Ni wazo zuri. Limetoka kwa Ignas. Nimeudhika hata na hilo.

Jumamosi, 20 Februari. Busia, kwa Shangazi

Leo sikuleta themosi. Nimejaza kopo la maziwa la kituo, nimelizungushia blanketi, nimelibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, lipate joto la mwili. Ndani ya basi bibi mmoja akataka kumwona mtoto. Nikamwambia amelala. Akasema mtoto wangu ananuka, nimbadilishe nguo. Nikasema ndiyo, bibi.

Ignas na Shemeji wametembea tangu alfajiri. Ng'ombe amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Kila alipolala njiani Ignas alimwinua. Mara ya mwisho alilala kwenye kizuizi chenyewe, kichwa Uganda, mkia Kenya. Malori yakapiga honi mbele na nyuma. Watu wakaja kutazama, wengine na mandazi yao mkononi. Nikawafuata hapo, nikavuta kamba. Nikalia kidogo, kwa hasira, si kwa huzuni.

Bwana wa mifugo wa juzi akatoka. Nikajua yamekwisha. Akavua kofia, akaiweka juu ya nguzo, akashika mkia. "Akishavuka si kazi yangu," akasema, "lakini hapa hawezi kulala." Akasukuma na sisi mpaka soksi zikamshuka. Nikamshukuru. Sikutaka kumshukuru.

Kwa Shangazi, Ignas akamshika Shemeji pembe na taya. Mimi nikanywesha kwa chupa ya bia, pembeni mwa mdomo, polepole, yasiingie mapafuni. Mengine yalimmwagikia Ignas kifuani. Hilo tu ndilo lililonifurahisha leo.

Shangazi alisimama mlangoni na leso puani. "Hii maneno gani? Wewe nanywesha ng'ombe matapishi ya ng'ombe mwingine?" Nikaanza kueleza. Nikaacha.

Jumapili, 21 Februari

Tororo alfajiri, kopo, basi, Busia. Nimemnywesha tena. Hakuna anayetaka kukaa karibu nami wakati wa kula. Namwelewa kila mmoja wao.

Jumanne, 23 Februari

Jana na leo nimekwenda baada ya kazi. Bado hacheui. Nikaweka ngumi ubavuni. Nikadhani nimesikia mngurumo. Lilikuwa lori.

Ignas amelala kwa Shangazi siku zote hizi, anamkatia nyasi laini za mtoni, anamfukuzia inzi. Hajalalamika hata mara moja. Ningependa alalamike, nipate pa kuanzia.

Nimekuwa nikiwaza maisha yakiendelea hivi. Ng'ombe akifa, nitaitwa Petta. Nitapewa nyumba ya nyuma. Nitalea watoto wa mwenzangu na kumngojea Ochwo aje kula.

Alhamisi, 25 Februari

Ochwo amekuja kwa Shangazi bila taarifa. Ana shati jipya. Akamzunguka Shemeji, akamtazama mbavu, akatazama chupa ya bia na povu lake. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alikuwa na huruma.

"Felista, rudi tu nyumbani," akasema. "Hii ng'ombe nakufa. Kwa nini wewe najisumbua?"

Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Shangazi alilisikia. Akajifanya anapepeta mchele.

Ochwo alipokwisha kuondoka, Shemeji akanya. Nikachukua kijiti nikakichambua kinyesi, nimechuchumaa pale kama kuku. Vijiti vizima vimepungua. Vingi vimekatika, vimelainika, vingine huwezi kujua kama vilikuwa nyasi. Kuna kiumbe kinafanya kazi mle ndani.

Nikamwita Ignas aje kuona. Akachuchumaa na yeye. Tukakitazama kinyesi kile muda mrefu, dada na kaka, bila kugombana.

Ijumaa, 26 Februari

Anakula. Kwa pupa hata. Hacheui. Kesho wazee.

Jumamosi, 27 Februari. Busia

Walikuja wote. Wa kwetu kutoka Buhehe na makoti yao ya kanisani. Wa Petta na Mzee Obbo, baba yake Ochwo, mbele. Wakakaa kwenye viti vya Shangazi na vya majirani. Shemeji akafungwa katikati ya ua. Mimi nikakaa nyuma na wanawake, maana siku hiyo mwenye shauri hana neno. Mila gani hii! Ndoa ni yangu, tumbo nimelifufua mimi, na mdomo niufunge.

Ochwo akasema kwanza. Ng'ombe waliyemtoa wao alikuwa na tumbo lake. Huyu ametiwa tumbo la maksai wa serikali. Si yule. Wakirudishiwa, warudishiwe walichotoa.

Wazee wakaguna. Mmoja wa kwetu akasema hilo ni neno. Nikataka kuruka. Shangazi akanikalia kanga.

Akasimama Ignas. Sikumtuma. Alikuwa bado ana doa la supu kifuani. Akasema, wazee wangu, ng'ombe ni nyumba. Ndani mna wapangaji wadogo wanaomsagia nyasi. Wa kwanza niliwaua mimi kwa ujinga wangu, dada akaleta wengine. Nyumba ikihamiwa na wapangaji wapya, je, inakuwa ya mtu mwingine? Akaketi.

Siku ile alikuwa amesikia kila neno. Mimi nilidhani napigia kelele ukuta.

Mzee Obbo akasema, maneno tumesikia, sasa tungoje ng'ombe. Wakangoja. Watu wazima, ua mzima, wanamtazama ng'ombe mdomoni. Shemeji akapiga mkia. Akatazama kuku. Akajilamba pua. Jua likapanda. Mtu akakohoa, akakanywa. Ochwo akatazama saa yake. Nilikuwa namchukia ng'ombe yule, na Ochwo, na wazee, na viti vyao.

Akalala chini. Nikasema kimoyomoyo, basi, Petta.

Kisha tonge likapanda. Niliona chini ya ngozi ya shingo likikimbia kwenda juu. Taya likaenda kushoto, likarudi kulia. Likaenda tena. Macho akayafumba nusu. Akatafuna taratibu, kama mtu asiyedaiwa na yeyote, akameza, akapandisha jingine.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee Obbo akainuka na fimbo yake, akamwekea Shemeji kiganja ubavuni, akakaa hivyo. "Tumbo nafanya kazi," akasema. "Mimi nachukua."

Wakaanza kufungua kamba. Mzee Obbo akaja upande wa wanawake, akasimama mbele yangu. Baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe, kwao na kwetu ni vilevile. Miaka yote niliyokaa Petta nilimpigia magoti, nikamwekea maji ya kunawa chini, nikarudi nyuma. Hatukuwahi kugusana hata kidole. Nilimpenda mzee yule. Kwa Ochwo nilikosa mengi, kwake sikukosa kitu.

Leo akanyoosha mkono.

Nikaushika. Ulikuwa mkavu, mgumu, mwepesi kuliko nilivyodhani. Akasema, "Kwaheri, binti ya watu." Ndipo nilipojua kwamba imekwisha. Na mimi niliyeitafuta siku hii kwa jasho na harufu, nikajikuta nimeuma mdomo nisilie mbele yao.

Jumapili, 28 Februari. Buhehe

Misa ya kwanza, kisha nyumbani. Ignas amelala mchana kutwa. Nimemfunika shuka.

Mama hakuuliza habari za Ochwo wala za wazee. Aliuliza kama ng'ombe amefika Petta salama. Nikasema nadhani amefika. Akasema ni safari ndefu kwa mnyama aliyetoka kuugua. Nikasema ndiyo.

Zizi liko tupu. Mama amelifagia, ingawa hakukuwa na cha kufagia.

Wiki zote hizi nimewaza tumbo la ng'ombe yule, kinyesi chake, cheuo chake. Maziwa yake sikuyawaza hata siku moja. Yalikuwa ya Mama.

Jioni ametengeneza chai. Ya rangi. Akanimiminia mimi kwanza. Ameweka sukari nyingi sana, yeye ambaye kopo la sukari hulificha hata kwa padri. Akaketi, akapuliza yake, akanywa.

Ilikuwa tamu mno. Nimeinywa yote.